Kilomita Kumi na Moja za Hewa

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa siku ambayo sitakuwapo kukuamkia. Huku hatujambo. Goti la Baba limetulia, ila bado linauma kila zikitajwa kazi za shambani. Mama mzima, anakusalimu na anauliza kama ile blanketi ilifika.

Nimekupigia simu mara saba tangu mwaka uanze. Inaita mpaka inachoka. Mwishowe muuguzi wa zahanati yenu akanitumia neno kwa dereva wa gari la dawa: "Shangazi yako anasema andika." Nikamwuliza dereva, "Anaumwa?" Akajibu, "Haumwi. Anasema andika." Haya, naandika. Usinicheke mwandiko.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Mimi sasa ni fundi wa mtandao katika hospitali ya mji. Mkuu wangu ni mtu mzima mmoja mkimya, wote wanamwita Fundi Mkuu, na ana tabia ya kuzijibu taa za mitambo kwa kutikisa kichwa kana kwamba zimemsemesha. Chumba chetu ni chembamba, kina baridi ya kiyoyozi, na kebo za bluu na njano zimeshuka ukutani kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira.

Siku ya tatu alinikalisha mbele ya kompyuta akasema, "Tazama picha ya mfupa inavyotoka chumba cha eksirei kwenda kwa daktari." Shangazi, ile picha haiendi nzima! Inakatwa vipande maelfu. Kila kipande kinaandikwa kinakotoka, kinakokwenda, na namba yake katika foleni. Kisha vinaachiwa. Hiki kinapita huku, kile kinapita kule, cha nyuma kinaweza kukitangulia cha mbele. Kikipotea cha mia tatu, upande wa pili unasema: cha mia tatu sijakipata, nitumie tena. Kwa daktari vinapangwa upya, na mfupa unatokea bila kovu. Yote hayo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Nilikaa pale mdomo wazi mpaka Fundi Mkuu akaniuliza kama naumwa na jino.

Wewe ulikaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu. Enzi zenu ilikuwaje? Na kwa nini hupokei simu?

Mdadisi wako


27 Februari

Mdadisi wangu,

Marahaba, zote mbili, ile ya akiba nimeiweka kabatini. Blanketi ilifika, mwambie mama yako nimeificha nisije nikaombwa. Paa langu halivuji tena. Mwandiko wako kweli ni wa kuku, lakini kuku mwenye nia.

Umeniuliza ya enzi zetu. Mbele yangu palikuwa na ubao wa matundu mia moja na ishirini. Mtu akiinua simu kwake, taa inawaka kwangu. Nachomeka waya, nasema, "Namba, tafadhali?" Nachomeka ncha ya pili kwa anayetafutwa, na tangu hapo waya ule ni wao wawili peke yao. Wakinuniana dakika kumi bila neno, waya umekaa bure, na huku watu sita wananisubiri na kunitukania ukoo. Sasa wewe unaniambia maneno yanakatwa vipande, na hata mtu akinyamaza, vipande vya wengine vinapita katika kimya chake! Nilipofika hapo niliweka barua mezani nikatoka nje, nikasimama uani muda mrefu. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, watu wameifumua na kuisuka upya, nami nilikuwa sina habari.

Lakini kuna jambo linanikereketa. Vyombo hivyo vinatoka viwanda tofauti, nchi tofauti. Nani aliwaambia wote wakate namna moja na waandike anwani mahali pamoja? Sisi tulikuwa ofisi mbili tu, na tulishindwa kukubaliana nani aseme "haloo" kwanza.

Swali lako la simu nimeliona. Majirani wote wanakusalimu.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani salama. Baba amenunua redio nyingine, sasa zinabishana mbili.

Swali lako nililipeleka kwa Fundi Mkuu. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Huyo mama angeomba kazi hapa ningempa." Jibu ni hili. Watu wa nchi nyingi, wengine wakishindana kibiashara hata kusalimiana hawataki, hukaa pamoja miaka wakibishana juu ya sentensi moja moja, mpaka wakubaliane. Wakikubaliana, inaandikwa, na yeyote duniani anaweza kuisoma na kuifuata. Hicho ndicho wanachokiita kiwango. Cha waifai kina jina la namba, 802.11, na kila kikiboreshwa huongezewa herufi mwishoni, kama mtoto anayepanda darasa.

Na unajua moja ya kanuni zake za mwanzo? Sikiliza kabla hujasema. Chombo kinachotaka kutuma kitu hutega sikio kwanza hewani. Kikisikia mwingine anaongea, kinangoja. Pakitulia, hakirukii. Kinajihesabia muda mfupi wa kubahatisha, kila kimoja wake, ili wawili wasianze pamoja. Wadi ya akina mama ina simu hamsini, kompyuta tisa na vipimo visivyo na waya, vyote hewa moja, na havikanyagani. Mawimbi yake yanatetemeka mara bilioni tano kwa sekunde, Shangazi. Yananipita mwilini hivi ninavyoandika, na sihisi hata mtekenyo.

Sasa sikia. Hospitali inataka kuunganisha zahanati yenu. Mmeletewa kipimo cha kuonyesha moyo na tumbo, lakini daktari wa kukisoma yuko huku. Kuvuta kebo bondeni haiwezekani, kwa hiyo tutaweka dishi kwenye paa letu na dishi kwenye uwanja wenu, yatazamane. Kilomita kumi na moja za hewa tupu.

Kazini pana kajambo kadogo, si ka kuandika kwenye karatasi.

Mdadisi wako


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, jino tu moja limeamua kustaafu.

Mlingoti umesimamishwa nyuma ya zahanati, na dishi limefungwa juu, jeupe, ukubwa wa sinia la harusi. Fundi Mkuu wako alikuja na vijana wawili. Mtu mstaarabu, alivua kofia kunisalimu. Nilitegemea kukuona ukishuka kwenye gari, nikawa nimepika cha watu wanne. Nilipomwuliza uko wapi akasema uko likizo.

Likizo gani ya mtu mwenye miezi miwili kazini?

Sikumwuliza tena. Nakuuliza wewe.

Shangazi yako


5 Mei

Mwanangu,

Gari la dawa limekuja mara mbili bila barua yako. Baba yako ananitumia ujumbe kuwa huna neno. Kaka yangu hajawahi kujua kudanganya, tangu utotoni alikuwa akidanganya anaongeza "kwa kweli" mbele, na safari hii ameiweka mara tatu.

Basi sikuulizi. Nitakusimulia kitu. Mwaka wangu wa pili kazini, asubuhi moja ya pilikapilika, taa zikiwaka ubao mzima, niliona waya mmoja kimya. Nikadhani wamemaliza. Nikauchomoa. Kumbe alikuwa mkunga, ameweka simu mezani akimbilie mama aliyekuwa akitokwa na damu, na daktari yuko upande wa pili anamngoja. Ilinichukua dakika tisa kuwapata tena. Yule mama alipona, lakini mimi nilikuja kulijua hilo baada ya siku mbili. Siku mbili hizo sijamsimulia mtu, hata baba yako. Sikulala, sikula, nilitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Siku ya tatu nikaenda kukaa kwenye kiti changu, kwa kuwa taa zilikuwa zinawaka na hakuna mwingine wa kukaa.

Niandikie ukiweza. Usipoweza, tuma karatasi tupu, nitajua uko hai.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimejifungia bafuni.

Tarehe kumi na saba Machi, siku mbili kabla ya barua yangu ile ya majigambo, nilikuwa napanga kebo. Nikaona ncha moja inaning'inia, nikaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi, kile kisanduku kinachogawa mawasiliano kwa vyombo vyote, ili paonekane nadhifu. Sikuangalia ncha yake ya pili ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye swichi ile ile.

Vile vipande nilivyokuambia, vinavyosafiri mbali, hupewa hesabu ya hatua. Kila kituo kinapunguza moja, ikifika sifuri kipande kinakufa, ndiyo maana dunia haijazama katika vipande vilivyopotea. Lakini kuna wito wa ndani ya nyumba, chombo kinapouliza wenzake wote, "Mwenye anwani hii ni nani?" Wito huo hauna hesabu. Swichi huutoa kila tundu. Ulitoka tundu moja, ukapita kebo yangu, ukaingia tundu jingine, ukatolewa tena kila mahali. Mmoja ukawa miwili, miwili ikawa maelfu, kwa sekunde chache tu. Kuna kinga ya jambo hilo, na kwenye swichi ile kuukuu ilikuwa imezimwa. Taa zote za chumba, mia nne na zaidi, zikaanza kuwaka na kuzimika kwa pamoja. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Nilisimama naitazama sijui kwamba ni mimi.

Hospitali nzima ilikufa ganzi dakika hamsini. Majibu ya damu hayatoki maabara, wauguzi wanapanda ngazi mbio na makaratasi, na mtoto mmoja amelazwa mezani anasubiri kujulikana kundi la damu yake. Alipona. Lakini nilimwona mama yake kwenye korido, na sitamsahau. Fundi Mkuu ndiye aliyeiona kebo. Aliichomoa akaniwekea mkononi. Nikasimamishwa miezi miwili.

Juma lililopita waliniita. Fundi Mkuu alisema mbele ya wote, "Swichi isiyo na kinga ni kosa langu, kebo ni kosa lake, sote wawili tumeshajifunza." Kisha akanikabidhi dishi la kwenu.

Haya, yangu nimetoa. Sasa yako. Fundi Mkuu aliniambia kwamba siku ya kusimamisha mlingoti ulimpa daftari, ukamwomba akuandikie. Alidhani najua. Shangazi, masikio yamefikia wapi?

Mdadisi


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Yamefikia mwisho. La kushoto lilikwenda miaka mitatu iliyopita, la kulia likajikokota mpaka Desemba. Mara ya mwisho uliponipigia nilisikia kitu kama mchanga unaomwagwa, nikasema "ndiyo, ndiyo", nawe ukacheka, sikujua nimekubali nini. Miaka thelathini na moja watu walinijua kwa masikio. Nilikuwa naweza kumtambua mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla hajataja namba. Sikutaka unisikie nikisema "Nini? Nini?" kama kasuku. Ujumbe mfupi wa simu nao ni wa kuombea chumvi. Kwenye barua mimi bado ni yule yule.

Ndiyo hayo. Baba yako usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Kuhusu kebo: mtu aliyesimama akaona uzuri wa kitu kibaya alichokifanya, na bado akasema ni mimi, huyo ndiye ningempa ubao wangu.

Sasa niambie dishi linanitaka nifanye nini. Macho ninayo mawili na yote mazima.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na safari hii nimeiandika kwa herufi kubwa moyoni. Nililia, kisha nikaenda kazini, basi.

Dishi linakutaka sana. Muuguzi atakuonyesha kwenye kompyuta namba yenye alama ya kutoa mbele. Ndiyo nguvu ya wimbi linalowafikia. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo tunavyosikika. Tunahitaji hasi sitini au iliyo karibu zaidi na sifuri. Hali ya hewa ikiwa kavu tunapata hasi sabini, tunaongea kwa taabu. Mvua ikinyesha inashuka mpaka hasi themanini na tano na tunapotezana kabisa. Nimepanda paa mara sita kulisogeza dishi, unywele kwa unywele. Nimechoka kutukana bati.

Najua utasema, "Lakini hospitali naiona kwa macho." Nami niliisema. Fundi Mkuu akanijibu kuona hakutoshi. Wimbi si uzi. Linatoka dishini jembamba, katikati ya safari linanenepa, kisha linajikusanya tena kuingia dishi la pili. Kwa umbali wetu, pale katikati linataka mita kumi na mbili za uwazi chini ya mstari wa macho, na kumi na mbili juu. Shangazi, kuna kitu kinene kama jumba la ghorofa nane kimelala juu ya bonde lenu, na ndege wanapita ndani yake!

Kwa ramani, katikati hakuna kitu. Lakini ramani ni ya zamani. Namwomba muuguzi atafute mtu wa kwenda kuangalia.

Mdadisi wako


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mtu wa kwenda kuangalia ni mimi. Muuguzi alipinga kwa hotuba ndefu ya midomo, na faida ya hali yangu ni kwamba nilitazama pembeni tu, ubishi ukaisha.

Nilitoka baada ya chai, nikafika kilima kidogo cha katikati baada ya saa mbili na nusu. Ramani yenu inasema majani. Kuna mikaratusi, safu nzima, mtu aliipanda labda miaka kumi na mbili iliyopita. Nilisimama chini yake nikageuka: nyuma mlingoti wetu, mbele mnara wa maji wa hospitali. Vilele havigusi mstari, lakini viko chini yake kidogo tu. Yaani vimesimama ndani ya hicho kitu chako kinene mpaka kifuani. Wakati naandika vipimo mvua ikaja, majani yakashika maji yakawa mazito na kung'aa, matawi yakalala. Nikasema kwa sauti, peke yangu porini, "Kumbe wewe ndiye mchawi."

Mwenye miti nimemkuta, mwashi mmoja mpole. Anangoja kuijengea nyumba ya binti yake. Nimemwambia aiache. Nyinyi pandisheni milingoti, mti usiadhibiwe kwa kukua.

Na jambo moja. Nilinyoosha mikono juu pale kilimani, nikakaa hivyo. Nilijua wimbi lenu linapita. Sikusikia kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nilijua kwamba hata wenye masikio hapo wasingesikia.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, kwa haraka, dereva anapiga honi. Tumeongeza mita saba huku, vijana wanaongeza saba kwenu kesho. Fundi Mkuu ameibandika barua yako ukutani na kuandika juu yake "Ripoti ya Upimaji". Nimempigia hesabu: kinachofika kwenye dishi lenu si hata sehemu moja ya bilioni ya wati. Taa ndogo ya tochi ni jua mbele yake. Na hicho ndicho tunachotaka kibebe picha ya moyo.

Kila asubuhi soma namba, andika kwenye daftari. Hiyo sasa ni kazi yako rasmi.

Mdadisi


23 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Najua ulikuwa upande ule, lakini hukuona upande wetu, kwa hiyo naandika. Nianze na mwisho ili usishike roho mkononi: mtoto mzima. Leo ni siku ya tano, ananyonya mpaka mama yake analalamika.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri na njia ya bondeni ikakatika. Nilikwenda kusoma namba yangu. Hasi hamsini na tisa, na mvua yote ile! Nikaipiga mstari mara mbili kwenye daftari. Ndipo akaingia mama mmoja kijana amelowa chapachapa, na mtoto wa siku kumi. Hanyonyi, anahema mbio, mbavu zinaingia ndani. Muuguzi aliweka kipimo cha masikio kifuani mwa mtoto, uso wake ukabadilika. Akaniandikia kwenye daftari, chini ya namba yangu: "Moyo una mvumo. Namwita daktari."

Daktari wa watoto akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mwanamke mwembamba, nyuma ya bega lake nikakuona wewe umeshika kebo kwa mikono miwili kama nyoka. Yule mama hakuweza kumtuliza mtoto. Muuguzi akaniashiria, nikampokea mimi. Nikamlaza mapajani, kiganja changu kikiwa ubavuni mwake, na muuguzi akapitisha kile kipimo cha kuonyesha moyo juu ya kifua. Kwenye kioo moyo ukatokea. Mweusi na kijivu, unafunga na kufungua. Wenzangu waliusikia, niliona kwa namna walivyonyamaza. Mimi niliupata kwa kiganja. Ulivyopiga mkononi ndivyo ulivyofungua kwenye kioo, pamoja, bila kupishana.

Daktari alisogea karibu, akatazama sana. Baadaye muuguzi aliniandikia yote aliyosema: kuna tundu, lakini dogo, mengi ya namna hiyo huziba yenyewe. Kinachomwangusha mtoto leo ni kifua, na dawa yake mnayo kabatini, anzeni sasa hivi, njia ikifunguka mleteni. Lakini wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni kwamba alinyoosha kidole, akagusa kioo chake huko kwenu, na kwenye kioo chetu ukajichora mviringo mwekundu, polepole, kuzunguka sehemu moja ya moyo ule.

Mtu aliye ng'ambo ya bonde, ng'ambo ya mvua na ya mikaratusi, alikuwa anaonyesha kidole mahali ndani ya kitu nilichokuwa nimekishika mkononi. Na mahali pale palikuwa panapiga.

Nimeishi miaka sitini na sita. Sina neno la kuliita jambo lile, na nimelitafuta siku tano.

Kipimo kilizimwa, muuguzi akaenda kabatini, kioo kikawa cheusi. Mimi bado nimekaa na mtoto. Mama yake alinigusa bega mara mbili ndipo nikakumbuka kumrudishia.

Shangazi yako